Sufuria ya Uzi Mwekundu

Batul alimenya na kukata kilo nne za vitunguu bila kutoa hata chozi moja. Hilo lilimshangaza, maana zamani kitunguu kimoja tu kilimtoa jikoni akipapasa taulo. Akadhani labda macho nayo huchoka. Miezi saba ilikuwa imepita tangu wamzike mama yake, na kazi ya kulia macho yale yalikuwa yameifanya ya kutosha.

Ilikuwa siku ya ishirini na sita ya Ramadhani, saa nane na nusu mchana. Jua likishazama na usiku wa ishirini na saba kuingia, kila nyumba katika jengo lao pale Kasablanka ingetoa sinia la kuskusi lipelekwe msikitini, sadaka kwa ajili ya marehemu wake. Kwa miaka ishirini na mitatu Lalla Keltum, yaani Bibi Keltum, mama yake Batul, alikuwa akipeleka sinia la mumewe. Mwaka huu sinia lilikuwa la Lalla Keltum mwenyewe, na aliyeshika mwiko alikuwa Batul.

Na Batul hakuwa mpishi. Mpaka msiba ulipomrudisha nyumbani alikuwa karani wa posta kule Agadir kwa miaka ishirini na minne, mtu wa samaki wa kuchoma na mkate wa dukani. Kila mwaka siku hii alipanda basi la asubuhi, akafika nyumbani adhana ikikaribia, akakuta sinia limekwisha funikwa kitambaa. Ladha aliijua. Njia ya kuifikia hakuijua.

Kuskusi yenyewe haikumtisha. Mama mdogo Zhor, mdogo wake marehemu, alikuwa amekuja kutoka Rabat, na sasa alikaa sebuleni akiisugua kwa viganja kama mtu anayemkanda mtoto mchanga. Kilichomtisha Batul ni kile kinachokaa juu ya kuskusi: tfaya, vitunguu vinavyopikwa taratibu mpaka vikalegea, vikatiwa zabibu kavu, asali na mdalasini, vikaachwa kwenye moto mdogo mpaka ving'ae na kunata. Kuskusi ya usiku ule bila tfaya ni chakula cha Ijumaa yoyote.

Jana yake mdogo wake, Abdelilah, alikuwa amempigia simu. "Dada, usijitese. Kuna yule anayepika karamu za harusi, sinia linaletwa na gari mpaka mlangoni. Jaribu mwaka huu ukitaka. Likiharibika, mwakani tunaagiza, yamekwisha."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile "yamekwisha" lilimkaa Batul kifuani usiku kucha, kwa sababu alikuwa ameahidi. Mama yake, siku tatu kabla ya kufa, alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kama bado anazo, akamwambia, "Ya ishirini na saba usiikate, mwanangu. Na ile sufuria usiichanganye."

Ile sufuria ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari wake peke yake: sufuria nzito ya aluminiamu, mpini wake umefungwa uzi mwekundu. Miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Batul alielewa kwamba aiache palepale, na akaiacha. Akachukua sufuria kubwa ya kila siku, akatia mafuta, akatia na samli iliyokaa mwaka mzima kwenye mtungi, kipande kizuri kama yai, kwa sababu alitaka tfaya ya mama iwe nono, ya heshima. Akatia tangawizi, zafarani, pilipili manga, kijiti cha mdalasini, kijiko cha chumvi, na pawa mbili za mchuzi wa nyama uliokuwa ukichemka kwa ajili ya kuskusi. Akafunika.

Simu ikaita. Alikuwa Abdelilah anauliza aje saa ngapi kuchukua sinia. Jikoni mtandao ulikuwa ukikatikakatika, kwa hiyo Batul akatoka mpaka barazani. Aliporudi, mke wa Abdelilah, Ghizlan, alikuwa anafuta mikono kwa aproni.

"Nimekutilia chumvi, wifi. Niliona umesahau."

Batul alisimama na simu mkononi. "Umetia kiasi gani?"

"Kijiko. Kile kikubwa."

"Ghizlan! Mimi nilitia kabla sijafunika."

"Sasa mimi ningejuaje? Vitunguu vina mdomo wa kuniambia?"

Kule sebuleni sauti ya kusugua kuskusi ikakoma. Mama mdogo Zhor akatokea mlangoni, unga umemjaa mpaka viwiko. "Chumvi gani mnayogombania?"

"Ya tfaya, mama mdogo. Imetiwa mara mbili."

Zhor akatazama sufuria. Akatazama dari. "Basi ni mara tatu," akasema.

"Mama mdogo!"

"Usinipigie kelele nimefunga. Ulitoka na simu yako, mimi nikapita, nikasema huyu ni mtu wa posta, anaweza kupeleka barua bila stempu."

Wote watatu wakaegemea jiko kama madaktari juu ya mgonjwa. Mvuke ulinukia vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana pua haijui chumvi.

"Lazima mtu aonje," Ghizlan alisema.

"Haya, nani hapa hajafunga?" Zhor akamgeukia. "Wewe hujaenda likizo yako ya mwezi?"

"Nimerudi kazini juzi, mama mdogo."

"Batul?"

"Wiki ijayo."

"Na mimi likizo zangu zilikwisha zamani, nilishastaafu. Haya. Mtoto je?"

Mtoto alikuwa Nuhaila, binti wa Ghizlan, mwenye umri wa miaka tisa. Siku nyingine angekuwa jikoni muda wote akilamba vijiko. Lakini leo ndiyo ilikuwa funga yake ya kwanza kabisa. Alikuwa amekaa kwenye kochi na kaftani ya kijani, hina mikononi, akisubiri magharibi apewe tende na maziwa kama bibi harusi na kupigwa picha. Aliposikia anatajwa alibana midomo.

"Hata mate simezi," akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Mate meza, mwanangu," Zhor alimwambia. "Mate hayana neno."

Hakuna aliyethubutu kumwomba zaidi.

"Wapo wanaosema ukigusisha ncha ya ulimi halafu ukatema, funga haiharibiki," Batul alisema polepole.

"Wapo," Zhor alijibu. "Ila si kwa sinia la dada yangu. Keltum hakuonja chakula cha Ramadhani maisha yake yote, na ya ishirini na saba hakuikosea hata mwaka mmoja. Watu Rabat nzima nimewasimulia. Ule ulikuwa mkono. Mkono ama unao ama huna."

Batul aliutazama mkono wake. Ulikuwa umekata vitunguu vinene kwa vyembamba, na kidole cha shahada kilikuwa na plasta.

Ghizlan alisema kwa upole, kama anayesogeza kiti, "Namba ya yule wa karamu ninayo hapa. Saa hizi bado anapokea."

"Mpigie," Zhor alisema.

"Subirini," Batul alisema, lakini hakujua wasubiri nini. Angeweza kuanza upya, vitunguu vilikuwepo. Lakini angeanza upya na mkono uleule, na mwisho angekuwa palepale, mbele ya sufuria asiyoijua ladha yake, na waumini msikitini wangemega kuskusi kwa jina la mama yake na kutazamana. Aliona wazi sinia la mwakani likishushwa garini limefungwa karatasi ya kung'aa. Ghizlan akaanza kubonyeza namba.

Mlango ukagongwa. Si kwa kidole, kwa fimbo.

Aliyesimama nje alikuwa Lalla Hnina wa ghorofa ya tatu, pumzi juu, mkono mmoja ukutani. Alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei. Wayahudi wengine wote wa jengo lile walikuwa wamehama, na watoto wake pia, mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki na paka wake na mishumaa yake ya Ijumaa. Msiba ulipotokea alileta mayai ya kuchemsha na zeituni, akakaa chini na wenye msiba, akaondoka. Tangu hapo Batul alikuwa akimsalimu kwenye ngazi tu.

"Mmetia samli," bibi kizee alisema.

"Ndiyo, Lalla Hnina. Karibu ndani, pumzika."

"Harufu imenipandia kwa lile dirisha la jikoni. Tangu adhuhuri nimekaa karibu na bomba la maji, nasikiliza. Nasema, sasa hivi watagonga bomba kama Keltum. Sasa hivi. Badala ya kugonga mnaniletea harufu ya samli." Aligonga fimbo sakafuni. "Kama mmeamua kuikata, mngeniambia tu. Ningekaa kwangu."

"Kukata nini?" Batul aliuliza. Neno lile lilimshtua.

Hnina alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na kijiko kidogo cha fedha, kimelika upande mmoja, na kisu cha mpini wa mti. "Hivi nyinyi mlidhani nani alikuwa anamwonjea mama yenu miaka yote hii? Malaika?"

Zhor akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Dada yangu hakuwa anaonja."

"Hakuonja hata tone. Nilionja mimi. Iko wapi sufuria yangu?"

Batul aliona mikono yake ikitangulia kabla ya akili. Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, akaishusha sufuria ya uzi mwekundu, akamletea. Hnina aliingiza pua ndani yake, akanusa muda mrefu.

"Haijatiwa kitu?"

"Haijatiwa. Sijaigusa. Mama alisema nisiichanganye."

"Basi aliongea na mtu anayesikia," Hnina alisema, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza. "Samli na mchuzi wa nyama katika chungu kimoja, mwanangu, kwa dini yangu hapana. Hata mngenibembeleza. Kwa hiyo ya siku hii Keltum aliipika kwa mafuta na maji na zafarani, basi, ili nipate kuionja. Sufuria hii haijui kitu kingine. Kisu ni changu, maana kitunguu ni kikali, kinabeba kila kilichopita kwenye kisu. Na moto nawasha mimi, ndiyo sharti la dini."

Hapo Batul alikumbuka. Tfaya ya karamu za kawaida ilikuwa nzito, ya kushibisha. Ile ya usiku wa ishirini na saba ilikuwa nyepesi, tamu yake safi, zafarani ikisikika peke yake. Miaka yote alidhani ni njaa ya funga iliyomfanya aione hivyo.

"Saa ngapi sasa?" Hnina aliuliza.

"Tisa na nusu."

"Tunawahi. Vitunguu vimebaki?"

"Kilo tatu."

"Ghizlan, weka hiyo simu, menya," Zhor aliamuru, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Hnina akavuta kiti karibu na jiko. Mafuta yalipokuwa sufuriani, alitoa kiberiti chake mwenyewe, akakiwasha, akasogeza moto kwenye jiko la gesi mpaka ukashika. Batul akakata vitunguu kwa kisu cha mpini wa mti, na kitunguu cha tatu hakijaisha machozi yalianza. Yalitoka kwa wingi, kama ya zamani. Hakuyafuta. Wote walikuwa wanalia vitunguu, hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Nitie asali sasa?" aliuliza vitunguu vilipoanza kulegea.

"Bado. Ukitia tamu mapema kinakakamaa, hakilegei tena. Funua. Acha maji yaondoke. Sikiliza."

Batul akasikiliza. Sufuria ilikuwa inabubujika kwa sauti nzito, ya maji. Wakangoja. Zhor akarudi kwenye kuskusi yake, akaipandisha kwenye mvuke mara ya pili. Nuhaila akaja kusimama mlangoni na kaftani yake, mikono nyuma, mbali kidogo ili harufu isimshawishi. Polepole ile sauti ikawa nyembamba, ikabadilika, ikawa ya mafuta.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Asali. Zabibu. Mdalasini wa kusaga, kidogo. Chumvi usitie mpaka nikuambie, na asiyekuwa Batul aondoe mkono wake hapa."

"Mimi mkono wangu uko mfukoni," Ghizlan alisema.

Vitunguu vikaanza kuiva rangi, kutoka manjano mpaka kahawia ya asali, vikishikana na kuachana mwiko ulipopita. Hnina akachota kwa kijiko chake, akapuliza, akatia mdomoni, akafumba macho. Wanawake watatu waliofunga na mtoto mmoja walitazama koo lake likimeza.

"Vipi?" Batul hakuweza kuvumilia.

"Ngoja. Mimi mzee, ladha inapanda ngazi taratibu." Akafumbua jicho moja. "Chumvi. Kiasi unachofikiri, kigawe mara mbili, tia nusu."

Batul alitia kwa vidole. Akakoroga. Hnina akaosha kijiko, akachota tena.

"Maji ya maua ya mchungwa, matone. Hapo. Punguza moto, iache ijing'arishe yenyewe." Akaonja mara ya tatu, na safari hii akakaa tu na kijiko mdomoni kama mtoto.

"Lalla Hnina?"

"Ni yenyewe," akasema. "Ni ya Keltum."

Batul akaketi chini, palepale kwenye vigae vya jikoni.

"Unakaa chini kwa nini?" Hnina alimuuliza. "Mama yako mwaka wa kwanza alitia mdalasini mpaka nikakohoa mbele ya jiko. Mwaka wa pili aliunguza yote, tukaanza tena kama leo. Mwaka wa tatu alilia, akasema hawezi, bora akanunue. Wewe ni mara yako ya kwanza, una nini cha kulalamika?"

"Mama aliunguza?"

"Chini ya sufuria hapo, pindua ukiosha, utaona alama."

Batul akacheka. Akaogopa kicheko chake mwenyewe, akanyamaza, kisha kikamtoka tena. Miezi saba alikuwa akimkumbuka mama asiyekosea. Huyu aliyeunguza vitunguu akalia na kumwita jirani alikuwa mtu anayemfahamu vizuri zaidi.

"Lakini miaka yote ile," Zhor alisema akiwa amesimama na ungo mkononi, "mimi nawaambia watu kwamba dada yangu ana mkono."

"Endelea kuwaambia," Hnina alimjibu. "Mkono alikuwa nao. Ulimi ulikuwa wangu."

Aliondoka kabla ya adhana, kibakuli cha tfaya mkononi, Ghizlan akimsindikiza kwenye ngazi hatua moja moja. Abdelilah akafika. Kuskusi ikamiminwa kwenye sinia kubwa, ikapangwa nyama katikati, na Batul mwenyewe akaitandaza tfaya juu yake kwa mwiko, akazungushia lozi za kukaanga. Ilimetameta chini ya taa. Abdelilah akaitazama, akamtazama dada yake, akasema, "Hii hujainunua mahali?" na Batul akamwambia, "Beba, usiinamishe."

Adhana ilipolia, Nuhaila alipewa tende na maziwa, akapigwa picha, akala supu bakuli mbili bila kuzungumza. Zhor, koo lake likiwa limelowa, aliinuka akaenda jikoni, akafunua ile sufuria kubwa ya kwanza, akachota kijiko kizima. Walimsikia akikimbilia kwenye sinki.

"Ee Mola!" alipiga kelele huku maji yakimwagika. "Bahari yote ya Agadir iko humu! Tungewaua watu msikitini!"

Ghizlan alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso ya meza.

Baadaye, wakati wenzake wanakunywa chai, Batul aliiosha sufuria ya uzi mwekundu, peke yake, kwa sifongo mpya. Aliipindua. Alama ilikuwepo, nyeusi, upana wa kiganja. Akaikausha. Uzi ulikuwa umelowa na kulegea. Akaufunga upya, fundo mbili, akaitundika kwenye msumari wake.

Ndipo bomba la maji lililopita pembeni ya jiko likalia. Mara mbili, ting, ting, kutoka juu. Hakuwa amelisikia tangu arudi kuishi katika nyumba ile. Akakumbuka kwamba mama yake, usiku kama huu, alikuwa na kawaida ya kusimama hapo jikoni bila kufanya lolote, akiegemeza sikio, mpaka aridhike.

Batul akachukua kijiko kwenye kabati. Hakujua jibu ni mara ngapi. Akagonga bomba mara mbili, akasubiri, na kule juu likagongwa tena.